Re: Stars kurudi nyuma wakishafunga (na pasipoti za watoto wetu)

Wadau, wakubwa shikamooni, wengine habari za wikendi.

Nimesoma imeili zote za hii mada toka juzi. Kaka wa Minneapolis kasema tushukuru, Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kufika 16 bora ya Afcon 2025 kule Morocco ni historia kwahiyo tuache lawama. Kaka yangu mimi nashukuru kweli, ile usiku Fei Toto (Feisal Salum) alivyosawazisha na Tunisia na tukapita kwa pointi mbili nililia machozi sebuleni hapa Leicester, watoto walishangaa. Hapa Uingereza Channel 4 walionyesha bure kwahiyo mechi zote nne nimeziangalia mwanzo mwisho na nyingine nimerudia mara mbili. Lakini kushukuru hakunizuii kusema nilichokiona, na nilichokiona sio kipya, nimekiona kwenye Afcon zetu tatu za karibuni.

Timu yetu ikishafunga inarudi nyuma. Basi. Ndo ugonjwa wetu.

Kumbukeni Cairo 2019 na Kenya. Msuva anafunga dakika ya 6 tunaongoza, Olunga anasawazisha, Samatta anafunga dakika inayofuata tunaongoza mara ya pili, tunaenda mapumziko 2-1. Kipindi cha pili tukashuka, tukashuka, Omolo akasawazisha, dakika ya 80 Olunga akamaliza, 3-2. Tuliongoza mara mbili tukatoka mikono mitupu. Haya, Januari 2024 San Pedro na Zambia, Msuva tena dakika ya 11, Zambia wanapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, wako kumi. Kumi! Kipindi kizima cha pili sisi kumi na moja tunajaza watu kwenye boksi letu kana kwamba wao ndo wamezidi mtu, dakika ya 88 kona, Patson Daka kichwa, 1-1. Halafu Desemba 2025 Rabat na Uganda, Msuva anapiga penati dakika ya 59 tunaongoza, dakika ya 80 Ikpeazu anasawazisha, na dakika za nyongeza wakapata penati wakaipaisha, ingeingia ile saa hizi tungekuwa tunaandika mengine kabisa.

Makocha watatu tofauti hao. Amunike 2019, Hemed Morocco 2024 baada ya Amrouche kufungiwa na CAF, Gamondi 2025 ambaye alipewa timu Novemba hakuwa na hata miezi miwili. Kwahiyo msiniambie ni kocha. Ni kitu wachezaji wetu wamezoea toka ligi, ukiongoza unalinda, kipa analala chini, beki anabutua. Kwenye ligi unakutana na timu ambayo haina mtu wa kukuadhibu inapita. Kimataifa haipiti.

Na ngoja nielezee ninavyoona inavyotokea uwanjani manake kuna mdau alisema "wanachoka tu". Hawachoki, wanaachana. Tukifunga mawinga wetu wawili wanashuka wanakuwa mabeki wa pembeni wa pili, kwahiyo pembeni tuna watu wanne ambao wote wanakaba, mbele anabaki straika mmoja kati ya mabeki wawili watatu. Tukiupata mpira hakuna wa kumpa. Unabutuliwa mbele, straika anaruka peke yake, mpira unarudi ndani ya sekunde kumi, tunakaba tena. Ukikaba hivyo dakika thelathini lazima utoe kona na faulo za pembeni, na krosi zikishakuwa nyingi moja itaingia, hata uwe na mabeki wetu Bacca na Job na Mwamnyeto wote kwa pamoja. Mstari wa mabeki ukikaa kwenye boksi la sita kipa hawezi hata kutoka.

Ile ya Nigeria naiweka pembeni kidogo, pale hatukurudi nyuma, M'Mombwa alifunga dakika ya 50 na Lookman akatufunga dakika ya 52, hatukupata hata muda wa kurudi. Pale ilikuwa ni akili kutotulia, watu bado wanashangilia moyoni. Mtu mzima kwenye timu angekaa chini afunge kamba za viatu vyote viwili, mechi ilale.

Na angalieni na Morocco 16 bora, wenyeji, uwanja umejaa, tulifungwa moja tu la Brahim Díaz dakika ya 64. Siku ile tulikuwa tunapanda, tulikuwa tunapiga pasi, sikuona timu inayoogopa. Sasa kama unaweza kupanda mbele ya Morocco kwao, kwanini na Uganda tukiwa mbele tujifungie? Hapo ndo roho inaniuma.

Kwahiyo kikosi. Mimi ningekuwa na sauti ningesema mambo machache tu. Novatus asitolewe pale katikati kupelekwa beki, yule ndo anakata umeme na ana nguvu ya kubeba mpira mita ishirini mbele timu ipumue. Feisal asishushwe tukiongoza, achezeshwe nyuma ya straika mpaka filimbi ya mwisho, manake ndo mtu pekee anayeweza kuukalia mpira mpaka afanyiwe faulo. Na sabu ya kwanza tukiwa tunaongoza iwe winga mwenye mbio, sio beki wa tano. Ukiingiza beki wa tano umewaambia wapinzani wote waje, hata beki wao wa kati anapanda kwa amani.

Tatizo sasa ukigeuka kwenye benchi hao wenye mbio wako wangapi? Ligi yetu inaruhusu wageni 12 kwa kila timu, na timu kubwa wageni wanawaweka wapi, wanawaweka mbele. Kinara wa mabao 2023/24 alikuwa Aziz Ki wa Yanga na mabao 21, Fei akawa wa pili na 19, msimu uliofuata Ahoua wa Simba na 16. Sisemi wageni waondoke, wameipandisha ligi sana tu. Nasema kijana wa kitanzania anayecheza straika anakaa benchi Jumamosi halafu tunamtegemea Jumanne atufungie timu ya taifa. Samatta kashafika miaka 33, Msuva naye sio kijana, na bado ni wao wao tunaowategemea toka 2019.

Ndo maana macho yetu sisi tulio huku lazima yawe kwa watoto wetu. Adi Yussuf kazaliwa Zanzibar kakulia hapahapa Leicester na alikuwemo kikosi cha 2019. Haji Mnoga kazaliwa Portsmouth. Tarryn Allarakhia kazaliwa London. M'Mombwa aliyewafunga Nigeria kakulia Australia. Hao wote wameivaa jezi ya Stars na hakuna aliyelelewa na akademi ya bongo. Na wapo watoto wa damu yetu waliotupita, mnajua Yussuf Poulsen wa Denmark baba yake mtu wa Tanga, marehemu, na kombe la dunia 2018 alivaa jina la baba yake mgongoni, Yurary, akafunga na Peru. Mimi simlaumu hata kidogo, Denmark ndo kwao. Ila kila nikiiona ile picha ya jezi nakaa kimya.

Na niseme wazi, Januari 2025 pale wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipopewa uraia, sikuwachukia wale vijana, wanatafuta maisha kama sisi. Ila sisi tumeomba uraia pacha miaka na miaka hatujapata, na watoto wa damu yetu wanacheza hapa kila Jumamosi kwenye baridi. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Mdau, Leicester

---

Dada wa Aarhus aliandika:

> Kaka asante kwa uchambuzi, mie mpira siujui sana ila mwanangu ana miaka 15 yupo akademi hapa na kocha wake ameniuliza kama ana pasipoti nyingine. Baba yake ni Mdenmark, mie bado nina pasipoti yangu ya Tanzania sijawahi kubadilisha. Nimeambiwa ile hadhi maalumu ya diaspora inatosha, ni kweli? Na nianzie wapi?

---

Dada yangu, nimefurahi sana umeuliza, na umeuliza mapema.

Hadhi maalumu haitoshi kwa mpira. Ile ni kwa mambo ya kuingia nchini, kumiliki, kuwekeza, lakini sio uraia, na FIFA wanataka uraia kamili, pasipoti ya nchi. Hilo watu wengi wanachanganya kwahiyo wekeni akilini wote.

Kwa kijana wako habari ni nzuri manake wewe ulikuwa mtanzania siku aliyozaliwa, na wewe mwenyewe umezaliwa Tanzania si ndio? Sheria yetu ya uraia ya 1995 inampa uraia wa kurithi mtoto aliyezaliwa nje kama baba au mama ni raia, ila huyo mzazi naye asiwe raia wa kurithi. Yaani inashuka kizazi kimoja, wajukuu wetu waliozaliwa huku na wazazi waliozaliwa huku haiwafikii. Na mpaka afike miaka 18 anaweza kushika zote mbili bila kosa. Akishafika 18 ndo anatakiwa achague, hapo hakuna njia ya mkato na mimi sitaki kukudanganya, kuna familia imefika hapo na ilikuwa kazi kubwa ndani ya nyumba.

Tafuta cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako, kiwe kamili sio kile kifupi, kama kimeandikwa kidenmark kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Cheti chako wewe cha kuzaliwa cha Tanzania, hiki ndo kinachowakwamisha wengi, kama kimepotea tuma mtu RITA, ofisi ya vizazi na vifo, leo hii usisubiri. Kopi ya pasipoti yako, na uangalie majina yafanane herufi kwa herufi, kama kwenye kimoja uko na jina la ndoa na kingine jina la baba andaa na cheti cha ndoa au hati ya kiapo. Ombi linajazwa onlaini kwenye mtandao wa Uhamiaji halafu mnaenda ubalozini na kijana mwenyewe kwa ajili ya picha na alama za vidole. Piga simu ubalozini kabla ya kusafiri uulize siku zao, na uwaulize kama baba yake naye anatakiwa kusaini, usiende ukarudishwa.

Mimi yangu nakuambia ili usirudie. Nilichukua pasipoti ya huku mwaka mmoja kabla ya mwanangu wa pili kuzaliwa. Wa kwanza alizaliwa nikiwa mtanzania, wa pili nikiwa sio. Mama yao ni wa huku. Wa kwanza nilimpatia pasipoti akiwa na miaka 15 baada ya kurudishwa mara mbili na ofisi moja ambayo kila ukienda wanakuomba karatasi ambayo safari iliyopita hawakuitaja. Hachezi mpira, anasomea uuguzi. Wa pili ndo winga, mguu wa kushoto, ana mbio kweli, na yeye ndo hana njia. Anavaa jezi ya Stars siku za mechi anaimba wimbo wa taifa wote, na sijapata cha kumwambia bado.

Upande wa mpira wenyewe, usimsainishe wakala yoyote anayesema ana mtu TFF, shirikisho letu la mpira. Kata video za mechi zake, mechi nzima mbili tatu, sio vipande vya magoli tu, manake kocha anataka kuona anafanya nini timu ikiwa haina mpira. Na mwambie kijana ajue mapema, timu za madaraja ya chini huku ligi hazisimami Afcon ikichezwa, mtu akienda mwezi mzima anaweza kurudi akakuta namba yake imechukuliwa. Wengine walioenda walijua hilo na wakaenda.

Afcon ya 2027 tunacheza nyumbani, sisi na Kenya na Uganda. Kijana wako atakuwa 16 au 17. Inawezekana bado mdogo lakini karatasi ziwe tayari. Anacheza namba gani? Ukinijibu niandikie pia ni mguu gani.

Mdau, Leicester