Binamu ni nani hasa?

Swali
Habari za jioni, ndugu zangu. Juzi msibani Tabora nilimtambulisha mtoto wa baba mdogo kwa wageni: "Huyu binamu yangu." Shangazi akaweka chini ungo wa mchele, akaniita pembeni. "Yule ni mdogo wako. Binamu yako ni mwanangu mimi." Nimekulia Dar, na kijana yule nampenda sana, hivyo iliniuma. Neno hili limetoka wapi?

Jibu
Pole kwa msiba. Shangazi yuko sahihi. Kwetu bara, watoto wa baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo ni kaka na dada zako. Binamu ni wa shangazi na mjomba. Lakini asili yake ni Kiarabu: "bin" ni mwana wa, "amm" ni ndugu wa kiume wa baba. Yaani kwa asili, binamu ni huyohuyo kijana uliyemtambulisha! Lilipokutana na ukoo wa Kibantu likahamia upande wa pili, kwa sababu nafasi ya mtoto wa baba mdogo ilikuwa na mwenyewe: ndugu.

Jibu
Huku Mombasa ndugu wa baba twamwita ami, na msichana ni binti ami. Bara naona hata wasichana ni binamu.

Muuliza swali
Asanteni mno. Nimempigia simu usiku huu. Nilipomwita "mdogo wangu" alinyamaza kidogo, kisha akaitika, "Naam, kaka."