Kabro si uwanja wa skeiti. Acheni kutuchezea!

Wadau wa skeiti Nairobi, leo hatupakani mafuta. Bustani ya umma ikifanyiwa ukarabati, kwenye bango tunaahidiwa "eneo la skeiti". Ukienda kuangalia, ni kabro, vile vitofali vya zege vya kupanga chini. Nani alikaa ofisini akachora hiyo kitu? Gurudumu la skeitibodi lina kipenyo cha milimita 52 hivi na ni gumu mno. Kabro zina kingo zilizochongwa na mchanga katikati. Mvua ikipiga, mchanga unasombwa, kipande kimoja kinazama, cha pembeni kinabaki juu, gurudumu linakwama na mtoto anatangulia kwa meno. Halafu askari anakuja kusema skeiti ni mchezo hatari!

Na nyinyi wa Kaunti, msituambie haiwezekani. Kangemi, katika kituo cha watoto cha Shangilia, kuna uwanja wa zege uliojengwa kwa msaada wa shirika la skate-aid la Ujerumani. Kitintale kule Kampala walijenga wao 2006. Addis Ababa wakafungua wao 2016. Skeitibodi iliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Nairobi yenye wadi 85, vijana wanangoja Jumapili magari yapungue kwenye maegesho ya Sunken Car Park, katikati ya jiji, ndipo wapate pa kuteleza.

Sasa wahandisi wenu wasome hapa, kwa sababu kosa linaanzia chini. Embakasi na South C udongo ni ule mweusi wa pamba: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Ukimwaga zege juu yake, mwaka hauishi kabla hujaona nyufa. Unachimba udongo wote mweusi, au angalau kina atakachosema mhandisi baada ya kupima, unajaza mawe ya hadikoo na muramu (changarawe nyekundu), unashindilia kwa tabaka. Upande wa Kangemi na Westlands kwenye udongo mwekundu kazi ni nafuu, lakini kushindilia hakuepukiki. Juu yake nailoni nzito, kisha wavu wa chuma wa BRC uliopandishwa kwa vijiwe hadi ukae ndani ya zege. Mafundi wengi wanaulaza chini kabisa, na hapo hausaidii chochote.

Zege liwe sentimita 12 hadi 15, mchanganyiko wa simiti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Kwenye mikunjo liwe zito. Fundi akiongeza maji ili amwage haraka, zege linateleza chini na umbo linapotea, na likishakauka uso unatoa vumbi. Umbo linafuata kigezo cha mbao: rampu yenye kimo cha mita 1.2 inataka nusu kipenyo cha kama mita 2. Rampu mbili zinazotazamana ziachiwe mita 6 au 7 za tambarare. Ukingo wa juu ni paipu ya inchi mbili, ambayo kwa nje ina milimita 60, itokeze milimita 5 hadi 10 tu. Ikizidi hapo, inakuangusha. Isipotokeza, haishiki. Uso usuguliwe kwa mwiko wa chuma mpaka ung'ae, usipigwe ufagio kama njia ya wapita kwa miguu. Na tafadhali, msipake plasta nyembamba juu ya zege lililokwisha kukauka. Itabanduka.

Vyuma vya pembe kwenye benchi za kusagia, yaani zile tunazoteleza ukingoni mwake kwa skeiti, vichomelewe nanga kabla ya kumwaga zege. Mkivifunga kwa bolti, wiki haiishi viko kwa muuza chuma chakavu. Kila mtu Nairobi anajua hilo isipokuwa aliyeandika BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi.

Jambo linalochemsha damu zaidi ni kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Hela zikichelewa kutoka, mkandarasi anasukumwa kumaliza kabla hazijarudi hazina, kwa hiyo zege linamwagwa Aprili na Mei, mvua ya masika ikilitoboa kabla halijashika. Zege linataka kumwagiliwa na kufunikwa siku 7 angalau, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Anayefungua uwanja siku ya nne ili apigwe picha anaharibu pesa za umma, basi.

Na sisi wenyewe! Hashtegi haina bajeti. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unawasilishwa kwenye Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, Karatasi ya Mkakati wa Fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Ukijitokeza Mei na bango, kiwanja chako hakimo mahali popote, na mwakilishi wadi atakuitikia tu. Tunatakiwa kuingia Julai na Agosti na karatasi mbili: mchoro wenye vipimo, na jina la kiwanja. Mchoro bila kiwanja ni sanaa.

Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye Bunge la Kaunti, kwa maandishi. Hamhitaji mwanasiasa. Mkitaka mchoro au mkataba wa bustani iliyowekwa kabro, andikeni chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: wana siku 21 za kujibu. Wakikataa, mna siku 30 za kuomba Tume ya Haki ya Utawala ipitie uamuzi huo. Hifadhini nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri mtaambiwa barua haikufika, na hapo mmekwama.

Kwa hiyo, aliye na ramani ya upimaji ya kiwanja cha umma katika wadi yake aitaje hapa: wadi, namba ya kiwanja, aina ya udongo, na kama maji ya mvua yana pa kwenda. Kama kimeshazungushiwa mabati ya mtu binafsi, semeni pia. Na anayetaka kuja kutuambia "vijana wacheze mpira", mpira una viwanja vyake, apite.