Misi kwenye snuka: mwamuzi asome nia, au ahesabu tu?

Wa Kamalondo (mwenye mada)
Tangu Zhao Xintong amfunge Mark Williams 18–12 kwenye fainali ya dunia ya 2025, mabishano hapa Lubumbashi ni yaleyale: waamuzi wanaua mchezo kwa misi, au wachezaji wamelegea? Naweka kanuni mezani kwanza tusije kubishana hewani. Mchezaji, akiupiga mweupe kwa fimbo, lazima ajitahidi kwa uwezo wake wote kuugusa kwanza mpira unaostahili (ule ambao ni zamu yake kuguswa: mwekundu au rangi). Akiukosa ni faulo, pointi 4 hadi 7 kwa mpinzani. Mwamuzi akiona juhudi haikutosha anatamka "faulo na misi", na hapo mpinzani ana njia tatu: acheze mwenyewe, amrudishe mkosaji mezani mipira ikiwa hapohapo ilipotulia, au aombe mipira irudishwe ilipokuwa na pigo lirudiwe. Hiyo ya tatu ndiyo inauma. Mimi nasema hivi: hakuna mwamuzi anayeona moyoni mwa mtu. Tuweke kikomo, misi mbili kwa nafasi moja, kisha mchezo uendelee.

Mwana-Katuba
Yaya (mkubwa wangu), kikomo chako kitauza faulo kwa bei ya jumla. Chukua hali ya kawaida: mweupe uko nyuma ya kahawia, wekundu wamebanana karibu na mweusi. Njia rahisi ni kuugongesha mweupe kwenye ukingo mmoja wa meza na kuangukia lile kundi. Mchezaji wa ulipwa hakosi hapo, ila atalipasua na mweupe utabaki katikati ya meza, na mwenzake atafungua duka. Njia ngumu ni kingo mbili, kumgusa mwekundu mmoja wa pembeni kwa wembamba wa karatasi, mweupe urudi nyumbani karibu na njano. Wote huchagua hii ya pili, na wakikosa hukosa kwa upana wa ukucha. Kwa macho yetu ni bahati mbaya. Kwa mwamuzi, kulikuwa na njia rahisi na mtu akaikataa, kwa hiyo misi. Hasomi moyo, anasoma meza. Ukisema mbili tu, kila mtu atajua kuwa kukwepa hatari bei yake ni pointi 8. Nani hatanunua?

Mwana-Kenya (mtaa, si nchi)
Lakini mtu anarudia pigo moja mara tano, sita, pointi 24 zimekwenda na hajakosea kitu kingine chochote. Hiyo ni adhabu au ni mateso?

Fundi wa Kampemba
Kikomo kipo tayari, ila kimejificha ndani ya hesabu. Misi haitamkwi ikiwa mmojawapo anahitaji pointi za faulo ili ashinde, kabla ya pigo au kwa sababu ya pigo hilo. Fanya hesabu: wekundu 2 wamebaki. Kila mmoja (1) na mweusi unaoufuata (7) ni 8, jumla 16. Ongeza rangi sita: 2+3+4+5+6+7, yaani 27. Mezani kuna 43. Mkosaji yuko nyuma kwa 32. Faulo ya kwanza, 36, misi. Ya pili, 40, misi. Ya tatu, 44, imepita 43: mwamuzi anasema "faulo" peke yake, na kurudisha mipira kumekwisha. Kwa hiyo mateso ya mara sita huja mapema kwenye fremu (duru moja ya mchezo), wekundu wakiwa wengi, na wakati huo 24 haziui mtu.

Na kuna ukali ambao mwenye mada hakuutaja. Ikiwa mweupe unauona mpira unaostahili wote mzima kwa mstari ulionyooka, ukiukosa ni misi. Ukiukosa mara ya pili, mwamuzi anakuonya. Mara ya tatu unapoteza fremu nzima, hata kama unaongoza. Hapo nia haiulizwi kabisa.

Wa Ruashi
Mnazungumza kanuni, mimi nataka watu. Mwamuzi wa fainali ya 2022, Olivier Marteel wa Ubelgiji, alikwaruzana na Ronnie O'Sullivan tangu kikao cha kwanza kwa sababu ya ishara ya mkono, mpaka likatoka onyo rasmi. O'Sullivan alishinda 18–13 hata hivyo, taji lake la 7. Lakini mwaka 2005, robo fainali ya dunia, Peter Ebdon alitumia zaidi ya dakika 5 kupata pointi 12 dhidi ya O'Sullivan huyohuyo, aliyewahi kumaliza meza nzima kwa zamu moja, pointi 147, mwaka 1997 kwa muda usiozidi huo. Ebdon akashinda 13–11. Ishara ya sekunde moja inapata onyo, dakika tano za kukodolea meza zinapita. Waamuzi wanaogopa saa.

Mwana-Katuba
Kanuni inamruhusu mwamuzi kumwonya anayechelewesha kupita kiasi, ila haitaji sekunde. Mashindano ya Shoot Out ndiyo yana saa: fremu moja ya dakika 10, sekunde 15 kwa pigo nusu ya kwanza, 10 nusu ya pili. Angalia jinsi wanavyokosa mipira ambayo hata kwenye nganda (baa) za hapa ingeingia. Fremu ya Mark Selby na Yan Bingtao mwaka 2022 ilizidi dakika 85, ni kweli inachosha, lakini wekundu walikuwa wamekwama. Saa isingewakwamua.

Mwana-Kenya
Basi tuje kwenye kiwango. Bingwa wa 2025 aliingia bila kadi ya ulipwa, akapita raundi 4 za mchujo, na fainali akakuta mzee wa miaka 50. Hicho ndicho kiwango?

Fundi wa Kampemba
Zhao hakuokotwa barabarani, mdogo wangu. Alikuwa bingwa wa UK Championship 2021. Kadi aliipoteza kwa adhabu ya miezi 20 ya makosa ya kamari. Kuhusu kiwango, hesabu mifululizo ya 100 (pointi 100 au zaidi kwa zamu moja): Neil Robertson alipiga 103 msimu wa 2013–14, Judd Trump akampita 2024–25. Stephen Hendry, mwenye mataji 7 ya miaka ya tisini, hakuwahi kukaribia hapo kwa msimu mmoja.

Ila sehemu ya sifa nenda kawape meza. Mawe yake, yaliyo chini ya kitambaa, yanapashwa moto ili kitambaa kisinyonye unyevu. Kitambaa chenyewe ni chembamba, mpira unakimbia kwa pigo dogo. Chaki ya zamani iliacha vumbi kwenye mpira, na vumbi likikaa pale mipira inapogusana, mweupe unaruka kidogo na pembe inapotea. Wengi wamehamia Taom ya Finland, inayochafua kidogo. Mipira ni Aramith, ya Ubelgiji (tena Ubelgiji, na Luca Brecel bingwa wa 2023 ni wa hukohuko, mtacheka).

Tatizo la kweli mimi naliona kwenye kurudisha mipira. Kipenyo ni milimita 52.5. Mweupe ukirudishwa milimita 3 pembeni, mpira uliofichwa unaweza kuonekana ukingo wake, na pigo limekuwa jingine. Mwamuzi anaelekezwa na picha ya kamera, lakini kamera inatazama kwa mshazari, kwa hiyo wachezaji wote wawili huulizwa mpaka wakubali. Dakika mbili tatu zinakwenda hapo, kila misi. Ukitaka kupunguza muda, anzia hapo.

Wa Kamalondo (mwenye mada)
Kikomo nimekiondoa, hesabu ya Fundi imenishinda. Lakini badilisha ile 32 iwe 35. Faulo ya kwanza, 39. Ya pili, 43, sawasawa na iliyobaki mezani. Hapo kanuni inasema misi isitamkwe ikiwa mwamuzi anaamini hakukosa kwa makusudi. Makusudi! Pointi moja juu, haulizi. Pointi moja chini, anasoma meza kama alivyosema Mwana-Katuba. Ikiwa sawa, ndipo anarudi kutafuta moyo wa mtu. Hilo silimezi.

Mwana-Katuba
Hapo yaya, hata mimi sina jibu.