Gari inakula mafuta Mtwara hadi Masasi, uendeshaji unachangia?

Wakuu habarini, nina Toyota IST otomatiki, plagi mpya, filta ya hewa safi, oili nimebadili, lakini nikitoka Mtwara kwenda Masasi geji inashuka mpaka nakosa raha. Keria ipo juu muda wote. Namna ya kuendesha inaweza kuwa sababu?

Korosho_Ghafi: Keria shusha leo leo mkuu. Spidi ikiongezeka mara mbili upinzani wa hewa unakuwa mara nne, sasa ukipita Mnazi Mmoja ya Lindi unakimbiza 120 halafu tuta la kijiji hili hapa, breki kali, unakanyaga tena mpaka chini, hapo mafuta yote yanaishia kuwa joto la breki. Tuta lione mapema, achia mguu, gari ijiendee. Kaa 80 hadi 90.

Fundi wa Ligula: Na nyutro kwenye mteremko acheni jamani! Gari za EFI, yaani zinazopuliza mafuta kwa kompyuta, ukiachia pedeli ikiwa kwenye gia, nozo za kupulizia zinakata mafuta, ukiweka nyutro injini inabidi iyapate ili isizime.

Mama Shangani: Kaka angalia dashibodi kama taa ya O/D OFF (ovadraivu imezimwa) inawaka, ikiwaka gia ya juu haiingii, injini inalia safari nzima.

Muulizaji: Asanteni sana, na AC je, joto la huku mnalijua

Fundi wa Ligula: Mjini polepole fungua vioo, barabara kuu funga uwashe AC. Upepo pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, namba ipo kwenye stika mlango wa dereva.