Mayai ya kanga na ya kuku naweza kuyaweka mashine moja?

Mfugaji_Mpwapwa
Wakuu habari za jioni. Kuna mama jirani huku kanga wake wanataga balaa tangu mvua zianze, kaniuzia mayai yapo kwenye trei ndani. Mashine yangu ni ile ndogo ya mayai 60 inayojigeuza yenyewe, na nina mayai ya kienyeji pia nataka niyachanganye humo humo nisipoteze umeme mara mbili. Joto la kanga ni tofauti au vipi? Na vifaranga wanakula nini maana nasikia wanakufa hovyo. Naombeni uzoefu.

Totoa_Tu
Joto ni lile lile mkuu, 37.5 kama mashine ina feni. Kinachosumbua ni siku, kuku 21, kanga 26 mpaka 28. Ukiyaweka yote leo, kuku wakifika siku ya 18 wanataka uache kugeuza na uongeze maji unyevu upande mpaka asilimia 65 hivi, wakati kanga bado wanatakiwa kugeuzwa na unyevu wa 50 na kitu, sasa hapo utamsikiliza nani? Tanguliza kanga, wiki moja baadaye ndo ingiza ya kuku, watatotoka pamoja. Hayo ya kuku uliyonayo sasa kaangeni tu, uokote mapya. Ya kanga je, yana siku ngapi kwenye trei? Yakipita wiki hadi siku 10 nguvu inashuka. Na yakae ncha ikiangalia chini. Kupima kwa tochi kuona kama kuna kifaranga ndani usikimbilie mapema, ganda lake gumu na lina rangi, subiri siku ya 10 afu upime gizani kabisa na tochi kali, ya simu utaishia kubahatisha.

mama_wa_shamba
Mi hizo mashine na umeme wetu huu wa kukatika nawaachia nyie vijana. Tafuta kuku mkubwa aliyeanza kuatamia juzi juzi (sio aliyekalia wiki mbili, huyo atanyanyuka kabla) mpe mayai 15 ya kanga, akiwa na mwili hata 20 anafunika. Ila usimwachie kanga mwenyewe alee, yule mama hana akili ya watoto, asubuhi na mapema kashawapitisha kwenye majani yana umande, wanalowa, baridi inawamaliza njiani na yeye hata hageuki. Faida nyingine wakilelewa na kuku wanazoea kurudi bandani jioni. Wa mashine wakikua wanalala juu ya miti na mayai wanaficha porini huko, utayatafuta mpaka uchoke.

Totoa_Tu
Hapo kwenye kulala juu ya miti mama kasema kweli 😂

duka_la_pembejeo
Kuhusu vifaranga. Wanataka protini nyingi kuliko wa kuku, 24% na kuendelea wiki za mwanzo, starter (chakula cha kuanzia) ya bata mzinga ukiipata ndo yenyewe, ukikosa chukua starter ya broila uongezee dagaa waliosagwa vizuri, na mchwa wanawapenda mno. Chombo cha maji kiwe kifupi ujaze kokoto, kale kadudu kanazama hata kwenye kisahani. Usitandike gazeti, wanateleza miguu inapanuka na ndo basi tena, weka gunia safi. Joto wiki ya kwanza kama 35, kila wiki unapunguza digrii tatu hivi, ila waangalie wenyewe, wakijazana chini ya balbu wana baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua. Wakavu muda wote!! Na chanjo ya kideri (Newcastle) wape, kuna watu wanadhani kanga haugui kideri, anaugua vizuri tu.

Mfugaji_Mpwapwa
Asanteni sana. Jike na dume nawajuaje?

mama_wa_shamba
Kwa macho wadogo hutawajua. Wakifika miezi miwili mitatu sikiliza, jike anaita kwa vipande viwili viwili anarudia rudia, dume hicho hana, yeye ni kelele moja fupi fupi. Jike akishtuka naye anaweza kupiga ya dume, kwa hiyo msikilize akiwa ametulia.

Nakuru_kienyeji
Mkiwa Kenya kumbukeni kibali cha KWS (shirika la wanyamapori) kabla ya kufuga, kanga anahesabiwa mnyamapori hata akiwa kwa boma yako.

Mfugaji_Mpwapwa
Poa. Mayai yana siku nne tu, kanga wanaingia mashineni leo, na pia namtafuta huyo kuku mkubwa, nigawe nusu kwa nusu.

mama_wa_shamba
Umwekee usiku asikuone.