Uliyewahi kupandisha toleo la Python, PHP au Node kwenye mashine yako, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Laptopu yangu ina mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, na lugha ya Python iliyomo ni 3.8, ambayo tangu Oktoba 2024 haitolewi tena viraka vya usalama. Django 5, ile zana ya kujengea tovuti kwa Python, inanikatalia, inataka 3.10 kwenda juu. Kabla sijagusa kitu, waliopita njia hii watupe mikasa yao. Si lazima iwe Python.

Kobe Mzee
Mkuu, chonde chonde, ile Python iliyokuja na Ubuntu iache ilivyo. Ofisini kwetu kijana mmoja aliweka 3.10 pembeni, hadi hapo safi. Akachoka kuandika python3.10 kila mara, akaigeuza /usr/bin/python3 ielekee kwenye mpya. Kubofya terminali (dirisha la kuandikia amri), kimya. Haifunguki wala haisemi kitu. Kumbe gnome-terminal yenyewe huanzishwa na skripti ya Python, na moduli ya gi ambayo skripti hiyo inaitegemea imejengwa kwa ajili ya 3.8 tu. Tuliingia kwa Ctrl+Alt+F3, ile skrini nyeusi, tukaandika:

sudo ln -sf /usr/bin/python3.8 /usr/bin/python3

Ikafunguka. Wapo pia wanaoandika apt remove python3. Hao huondoka na desktopu nzima.

Binti Tanga
Ndiyo maana natumia pyenv, zana ya kuweka matoleo kadhaa ya Python. Inakaa kwenye folda yangu, ya mfumo haiguswi. Ila inaijenga Python palepale kwenye mashine, kwa hiyo weka kwanza maktaba za libssl-dev na wenzake, la sivyo utakwama kwenye ssl, moduli ya mawasiliano salama. Na venv za zamani (folda za vifurushi vya kila mradi) hazihami na wewe: chukua orodha ya vifurushi kwa pip freeze, kisha unda nyingine.

Fundi Mfumo
Mie nilipewa mfumo wa ada wa shule moja, uliandikwa enzi za PHP 7, uende kwenye 8. Makosa yanayopiga kelele hayana shida: each() imeondolewa, create_function() imeondolewa, unaonyeshwa hadi mstari. Shughuli ni lile linalonyamaza. Kulikuwa na if ($deni == "") ya kumruka asiyedaiwa, na $deni ni ada ukitoa malipo. Mzazi akimaliza, jibu ni 0. Kwenye 7, 0 == "" ni kweli; kwenye 8 si kweli. Nikachapa orodha ya majaribio ya wadaiwa: waliomaliza ada wote wamo, kila mmoja anadaiwa sh. 0! Mhasibu alicheka sana. Wazazi wasingecheka.
Siku hizi nachapa ripoti ileile kwa matoleo yote mawili, nalinganisha kwa diff, amri inayoonyesha tofauti za mafaili.

Kijana wa Node
Kwetu wa Node (JavaScript ya nje ya kivinjari) ni kosa la ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED. Node 17 ilihamia OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji isiyoruhusu tena MD4 ya kizamani bila kuiwasha; webpack 4, zana ya kufungasha msimbo wa tovuti, bado inatumia MD4 hiyo. Watu hubandika --openssl-legacy-provider ili kuiruhusu, maisha yakaendelea. Mimi sipendi, nilihamia webpack 5.

Mleta mada
Asanteni. Je, nikipandisha Ubuntu yenyewe?

Kobe Mzee
Inawezekana mkuu. 22.04 inakuja na 3.10, na 24.04 inakuja na 3.12, lakini huwezi kuiruka 22.04. Ningekuwa wewe ningesimama hapo kwanza, kwa sababu Python 3.12 imeitoa distutils, zana ya kale ya kusakinisha vifurushi, na baadhi ya vifurushi vya zamani vyenye setup.py vitakugomea. Na hakikisha bando linatosha, hayo mafaili si madogo.