Oili ya sintetiki au ya kawaida kwa IST ya 2004: fundi ananivuta huku, jirani ananivuta kule

MbagalaKwetu:
Wakuu, salaam. Toyota IST yangu ya 2004, injini 1NZ ya cc 1500, imefika kilomita 148,000 na Jumamosi namwaga oili. Fundi wangu wa siku zote, mtu ninayemheshimu, anasema niendelee na 20W-50 ya kawaida: "Gari imeshakula umri, ipe oili nzito." Jirani mwenye gari kama hilihili anatumia sintetiki 5W-30, na anasema hiyo nzito inaniulia injini taratibu.

Safari zangu ni Mbagala kwenda Posta, kilomita kama 15, foleni ya muda wa saa moja na nusu asubuhi na jioni vilevile. Mara mbili kwa mwaka naenda Songea kwa wazee. Gari halivuji popote, na kati ya kumwaga na kumwaga oili inapungua kidogo tu, haifiki hata nusu ya zile alama mbili za dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Bei nilizopewa Kariakoo wiki hii: lita 4 za kawaida 48,000, lita 4 za sintetiki 110,000, filta 10,000. Tofauti hiyo kwangu ni mchele wa mwezi, kwa hiyo naomba ushauri wa mtu aliyetumia, si wa kusikia.

FundiGerezani:
Mkuu, fundi wako usimlaumu. Sisi tuliojifunza kazi kwenye injini za zamani tulikuta oili namba 40, baadaye ikaja 20W-50, na magari yalitembea. Lakini 1NZ ni injini ya VVT-i. Ndani yake oili hailainishi tu, inafanya kazi ya kusukuma: ndiyo inayozungusha kifaa cha kichwani ili valvu zifunguke mapema au zichelewe. Inapita kwenye vali ndogo yenye chujio lake.

Mwezi uliopita niliifungua Raum iliyokuja na taa ya injini, nzito kupanda mlima. Lile chujio ni dogo, ukubwa wa ukucha, na nilikuta limezibwa na tope jeusi zito kama grisi. Nililikwangua kwa sindano huku mwenye gari amesimama anaangalia. Sasa sikiliza: oili aliyokuwa anatumia ni sintetiki ya bei kubwa. Alikuwa amekaa nayo kilomita 11,000 za humuhumu mjini, kwa sababu muuzaji alimwambia sintetiki haiharibiki.

Kwa hiyo mimi kabla ya kuuliza aina ya oili, nauliza umemwaga lini.

MkemiaMstaafu:
Naomba niongeze, maana swali la ndugu yetu lina mambo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. Fundi na jirani wanabishania uzito, lakini wote wanadhani wanabishania aina. Oili ya kawaida ipo ya 10W-30, na sintetiki ipo ya uzito mkubwa pia. Yatenganisheni.

Uzito kwanza. Namba ya nyuma, ile 30 au 50, inaeleza unene oili ikiwa moto wa nyuzi 100, yaani injini inapofanya kazi. Namba ya mbele yenye W ni ya baridi. 20W inapimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri. Dar hatufiki huko, lakini msikimbilie kusema W haituhusu. Asubuhi ya nyuzi 25 injini bado ni baridi ukilinganisha na 100, na 20W-50 kwa wakati huo ni nene mara mbili na zaidi ya 5W-30. Inachelewa kufika juu, na pampu inatumia nguvu zaidi kuisukuma, nguvu inayotoka kwenye petroli yako. Haitaiua 1NZ, hapo jirani ametia chumvi. Ila haiipi chochote ambacho injini nzima isiyokula oili inakihitaji.

Sasa aina. Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Ndani yake kuna chembe za kila ukubwa, nyepesi na nzito pamoja. Injini ikipata moto, zile nyepesi zinapukutika kama mvuke, zinazobaki zinakuwa nzito na kuoza haraka. Sintetiki imetengenezwa ili chembe zake zilingane, kwa hiyo inavumilia joto na kukaa kwenye unene wake muda mrefu zaidi. Lakini neno "sintetiki" kwenye dumu lisikudanganye. Mwaka 1999 huko Marekani Mobil iliilalamikia Castrol kwa kuita sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi yaliyochakatwa sana, na chombo cha kusimamia matangazo kikaona Castrol wana haki. Tangu hapo oili nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni za namna hiyo. Si mbaya hata kidogo, ila usidhani zote zimeundwa maabara kuanzia sifuri.

Kitu cha kusoma kwenye dumu ni herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Kwa petroli tafuta SN, iliyoanza 2010, au SP ya 2020. Oili ya kawaida yenye SP naichukua mbele ya "sintetiki" isiyo na herufi zozote. Bado madukani kuna madumu ya SF, na daraja hilo ni la injini za 1988 kurudi nyuma. Hilo linaniuma sana kuliona linamiminwa kwenye magari ya VVT-i.

Makete_Baridi:
Huku kwetu W inatuhusu sana. Juni na Julai asubuhi unakuta barafu nyembamba juu ya majani na juu ya kioo. Nilipokuwa na 20W-50 kwenye Corolla, nikiwasha injini inagonga juu tatatata, taa ya oili inachelewa kuzima, nasimama pembeni nimeshika roho. Nilipohamia 5W-30 ule mlio ukaisha siku ya kwanza. Ya Dar siyajui, ila atakayehamia Njombe asije na oili nzito.

ProboxMwambao:
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina Probox, injini ni hiyohiyo 1NZ, inabeba mizigo Mombasa hadi Voi karibu kila siku. Makanika wangu huweka 10W-30 ya kawaida, API SN, na tunaimwaga kila kilomita 5,000 pasi na kukosa, filta kila mara. Sasa iko 310,000 na haijafunguliwa. Sintetiki nilijaribu mara mbili. Ilikuwa kimya kidogo asubuhi, basi. Kwa kazi yangu ya barabara ndefu sikuona sababu ya kuongeza pesa, ndugu yangu.

DadaWaAllion:
Mimi nina upande mwingine wa kueleza. Allion yangu ni ya 2003, injini 1ZZ. Injini hizo za mwanzo pistoni zake zina matundu madogo mno ya kurudishia oili kutoka kwenye ringi. Matundu yakiziba kwa masizi, oili inabaki juu na kuungua. Yangu ilifika mahali inakula lita moja kila kilomita 1,500. Mtu mmoja akanishauri sintetiki, nikaweka, nikawa naongezea sintetiki ya bei ile kila wiki ya tatu. Nilikuwa nachoma pesa kwa bomba la moshi, maana sintetiki haikurudisha ringi zilizokwama.

Sasa natumia 10W-40 ya kawaida na kuangalia dipstiki kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Kama injini yako inakula, kaka, usinunue ghali. Yako haili, kwa hiyo uko kwenye nafasi nzuri kuliko mimi.

ForestaTurbo:
Wakuu, msimalize bila kutaja turbo. Foresta yangu ina turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, na huko sina mjadala: sintetiki tu. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku imepakana na moshi wa ekzosi. Oili ya kawaida pale inageuka kaa, inaziba kijia kinachopeleka oili kwenye beringi, na turbo inakwenda. Na hata hiyo sintetiki namwaga kila 5,000. Gari za Ulaya nazo zisomeni kitabu, zinataka oili yenye kibali cha mtengenezaji, siyo uzito peke yake.

MbagalaKwetu:
Asanteni sana, nimeelewa habari ya furushi. Je, ni kweli ukishaweka sintetiki huwezi kurudi kwenye kawaida? Na kwamba inavujisha gari la zamani?

MkemiaMstaafu:
Kurudi unaweza, na hata kuchanganya ukiwa njiani umepungukiwa hakuna dhara, ili mradi uzito unakaribiana. Kuvuja ni habari ya zamani, oili za sintetiki za mwanzo zilisinyaza siili, ile mipira inayozuia oili isivuje. Za leo zina viungo vya kuzuia hilo. Kinachotokea kwa gari chakavu ni kwamba siili ilishachoka ila tope lilikuwa limeziba tundu. Oili yenye sabuni nzuri inaliosha tope, tundu linaonekana.

ForestaTurbo:
Halafu hesabu. Kwa bei zake: kilomita 15,000 na kawaida ni mara tatu za 58,000 pamoja na filta, 174,000. Sintetiki kila 7,500 ni mara mbili za 120,000, jumla 240,000. Tofauti 66,000. Siyo kubwa hivyo kwa muda wote huo.

FundiGerezani:
Hesabu ni sahihi kwa mtu wa barabara kuu. Huyu yuko foleni. Kilomita 15 kwa saa moja na nusu ni mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Kilomita 5,000 za namna hiyo ni saa 500 za injini kuwaka. Wa Mombasa akitembea wastani wa 60, kilomita 5,000 zake ni saa 83 tu. Gari ni moja, injini ni moja, lakini oili ya Mbagala imepikwa mara sita. Toyota wenyewe huko Japani wanasema 15,000 au mwaka kwa injini kama hii, na nusu yake kwa matumizi magumu. Foleni yetu na vumbi letu mimi nayaweka chini ya hiyo nusu. Nenda kwa miezi, usiende kwa kilomita.

Na jambo la mwisho, naliomba kwa moyo wote: nunua kwa wakala au kituo cha mafuta kinachoeleweka. Sintetiki iliyochakachuliwa ni mbaya kuliko kawaida halisi. Angalia pete ya kifuniko kama haijakatika, na ukishamimina, toboa dumu kwa bisibisi mbele ya macho yako. Madumu matupu yanakusanywa, na hayakusanywi kwa kupanda maua.

MbagalaKwetu:
Wakuu, mrejesho wa Jumamosi. Nimechukua 10W-30 ya kawaida, API SP, kwa wakala, 56,000. Tumemwaga gari likiwa na moto ili itoke yote. Iliyotoka ilikuwa nyeusi na nyembamba kama chai ya rangi. Imeingia lita 3.7 na filta mpya. Fundi wangu alisita nilipomwonyesha dumu, nikamweleza habari ya VVT-i, akasema tuifungue ile vali tuone. Chujio lilikuwa na tope upande mmoja, tukalisafisha kwa petroli. Dumu nimelitoboa mwenyewe.

Nitamwaga kila miezi minne, na kabla ya Songea hata kama haijatimia.

FundiGerezani:
Umefanya vizuri, mkuu. Baada ya wiki mbili pima asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare, utuambie.

MbagalaKwetu:
Nimepima leo saa kumi na moja alfajiri. Iko alama ya juu, haijashuka. Rangi imeanza kuwa kahawia.

FundiGerezani:
Kahawia ni kawaida, inaosha. Endelea.